Mauser 71 na vazi la askari wa Mjerumani: kipi cha kununua, kipi cha kumpelekea fundi

Anayetaka seti kamili ya askari wa Mjerumani wa Afrika Mashariki, kuanzia bunduki hadi tarbushi, iwe ni kwa filamu, tamthilia, makumbusho au kabati lake mwenyewe, atakuta wauzaji tele mtandaoni. Tatizo ni kwamba seti nyingi zimechanganywa: bunduki ya enzi moja, beti (vifuko vya risasi vya kiunoni) za enzi nyingine, na suruali ya jeshi la adui. Kwa mwenye haraka, jibu letu ni hili. Bunduki nunua ya kale halisi, kwa sababu zilitengenezwa nyingi na bado zipo. Sare usinunue, mpelekee fundi cherehani vipimo. Beti na mikanda mpe fundi wa ngozi anayeshona kwa mkono.

Kwanza tujue kikosi chenyewe, maana tarehe ndizo zinazoamua kila kitu. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa kuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim pwani. Aliajiri Wasudani walioachishwa jeshi la Misri, akaongeza Washangaani kutoka Inhambane, Msumbiji, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Tarehe 8 Mei 1889 wakashambulia boma la Abushiri karibu na Bagamoyo. Tarehe 22 Machi 1891 kikosi hicho kikageuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe. Bunduki yao ilikuwa Mauser ya 1871, kwa kifupi Mauser 71, toleo la Jäger (askari wepesi wa miguu), na wengi waliendelea kuibeba hadi vita vya 1914, Ulaya ilipokuwa imeshaisahau. Kwa mnunuzi hiyo ni faida kubwa: bunduki moja inatosha kwa Abushiri, kwa Lugalo, kwa Majimaji ya 1905–1907 na kwa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Inatosha hata kwa upande wa pili. Pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walimuua kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, na kuteka bunduki takriban 300. Mwigizaji wa jeshi la Mkwawa anayeshika Mauser 71 katika tukio la 1893 yuko sahihi kabisa. Katika tukio la Julai 1891 amewahi mno.

Sasa bunduki. Hii ndiyo silaha ya kwanza ya ndugu Paul na Wilhelm Mauser kukubaliwa na jeshi la Ujerumani. Hupakiwa risasi moja moja kwa mkono. Haina chemba ya akiba. Zilitengenezwa Spandau, Danzig, Erfurt na Amberg, pia Steyr huko Austria, na hata Birmingham, Uingereza. Utakutana na matoleo manne sokoni, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea.

La kwanza ni la askari wa miguu, lenye urefu wa karibu milimita 1,345 na uzito wa kilo 4.5 hivi. Ubavuni kushoto, juu ya mtambo (mwili wa chuma ambamo bolti hutembea), utasoma kwa herufi za Kijerumani za kizamani "I.G.Mod.71". Hili ndilo linalopatikana kwa wingi, na ndilo wauzaji wanalolibandika jina la "bunduki ya askari wa Afrika". La pili ndilo unalolitaka, la Jäger: mtambo ule ule, lakini fupi zaidi kwa sentimita kumi hivi, karibu milimita 1,240. La tatu ni la wapanda farasi, fupi kabisa, chini kidogo ya mita moja. La nne ni 71/84, lenye bomba la risasi nane chini ya kasiba (mtutu). Ukitazama mdomoni utaona ncha ya bomba chini ya tundu la kasiba. Hili la mwisho ni zuri kulishika na zuri kulipiga, ila si la seti yetu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya bunduki imelazwa kando ya futikamba, na picha ya karibu ya maandishi ya mtambo. Akisema "Jäger" na futikamba ikasema 1,345, umeshajua. Akileta bunduki ya milimita 1,240 yenye "I.G.", huenda ni ya askari wa miguu iliyokatwa. Kagua mdomo: kasiba iliyokatwa huwa na ukingo mkali au usio sawa, kilengeo cha mbele kimekaa kwa solda mpya, na mti wa mbele una alama ya skrubu mahali ambapo bangili ya zamani ilikuwa. Kwa jukwaa, iliyokatwa vizuri haina ubaya, mradi bei yake iwe ya iliyokatwa. Kwa makumbusho, hapana.

Namba ndizo zinazobeba thamani. Mauser 71 ilipigwa namba karibu kila kipande: kasiba, mtambo, bolti, kichwa cha bolti, bangili, hata skrubu. Bolti yenye namba tofauti na mtambo hushusha bei, na kwa anayetaka kupiga ni sababu ya kumwita fundi wa silaha apime kabla ya risasi yoyote. Na uogope mihuri ya vikosi vya Afrika. Muhuri wa kweli umechakaa pamoja na chuma kinachouzunguka, na kutu ya kahawia imeingia ndani ya herufi. Muhuri wenye kingo kali juu ya chuma kilichochakaa umepigwa juzi. Biashara ya historia iko pia katika bunduki hizi hizi nje ya Afrika: Mauser 71 zilizoingizwa na wazalendo wa Ireland huko Howth, Julai 1914, huuzwa ghali sana kwa sababu ya jina tu, na kila mwaka bandia zinaziongeza kuliko zilizoshuka melini. Wenzao wa Afrika Mashariki wameanza kuongezeka vilevile.

Kuifungua ni rahisi, ila kuna mtego mmoja. Bolti haizuiwi na kitufe. Inazuiwa na washa nene iliyoshikwa na skrubu juu ya ubavu wa bolti. Hakikisha hakuna risasi, legeza skrubu hiyo mpaka washa inyanyuke na kupita kwenye daraja la mtambo, inua mkono wa bolti, vuta nyuma. Usiing'oe skrubu yote: ikianguka kwenye majani, kuipata nyingine yenye hatua ile ile ya uzi ni kazi. Mtego wenyewe ni kichwa cha bolti. Ni kipande cha peke yake, hakizunguki pamoja na bolti, na bolti ikitoka chenyewe hudondoka mkononi. Kinabeba kucha ya kuvutia ganda. Bunduki hufunga vizuri hata kichwa kikiwa hakipo, na mtu asiyeijua anaweza asigundue. Kuipiga hivyo ni kumletea mpigaji moto usoni. Unaponunua, omba picha ya bolti ikiwa nje na kichwa chake pembeni. Tumeona matangazo ambayo kichwa hakipo na muuzaji hana habari.

Jambo la pili la kimaumbile, ambalo waigizaji hukosea kila mara: mtambo huu hauna kitu cha kulirusha ganda. Ukivuta bolti, kucha inalitoa ganda chemba, kisha linabaki limelala juu ya mtambo. Askari alilazimika kuinamisha bunduki kulia lianguke. Hatua zake ni hizi: inua mkono wa bolti (hapo springi inajikaza yenyewe), vuta nyuma, inamisha, ganda linaanguka, weka risasi kwa vidole, sukuma, laza mkono, lenga, fyatua. Mwigizaji anayevuta bolti na kuendelea kulenga bila kuinamisha amebeba Mauser 98, ya 1898, si hii. Usalama ni bawa dogo nyuma ya bolti, na linafanya kazi springi ikiwa imekazwa tu.

Risasi yake ni ya milimita 11, ganda la shaba nyeupe lenye urefu wa milimita 60 na ukingo chini, kichwa cha madini laini ya risasi chenye gramu 25 kilichofungwa karatasi, na gramu 5 za baruti nyeusi. Nzima ina urefu wa karibu milimita 78 na uzito wa gramu 43. Mia moja ni kilo nne na ushee. Yakumbuke hayo tutakapofika kwenye beti. Anayepiga leo atapata maganda mapya kutoka Bertram ya Australia, lakini asinunue kalibu ya vichwa kabla ya kupima tundu la kasiba yake kwa kipande laini cha madini ya risasi kilichosukumwa ndani, kwa kuwa kasiba za zamani hutofautiana. Kichwa chembamba kuliko tundu hakishiki mifuo (mistari ya ndani ya kasiba inayokizungusha). Kinatoka kikiyumba na kuacha madini mengi yaliyoyeyuka njiani. Baruti nyeusi lazima ijaze ganda hadi kwenye kichwa bila nafasi ya hewa. Na baruti isiyo na moshi, hata kidogo "kwa kujaribu", marufuku: bolti hii inashikwa na mzizi wa mkono wake tu kwenye daraja la mtambo, haina meno ya mbele kama Mauser za baadaye.

Usishangae ikipiga juu. Alama ya chini kabisa ya kilengeo iliwekwa kwa umbali unaozidi mita 200, hivyo kwenye uwanja wa mita 100 risasi hupanda kwa kiasi cha kuonekana. Dawa ni kulenga chini. Usiguse kilengeo cha kale kwa tupa. Ikigoma kulipuka mara mbili tatu kwa fataki nzuri, mshtaki wa kwanza ni springi ya bolti iliyochoka, wa pili ni mafuta ya miaka mia yaliyoganda kuizunguka. Osha kwanza, nunua springi baadaye. Baada ya kupiga, maji ya moto kasibani siku hiyo hiyo, kausha, paka mafuta. Masalio ya baruti nyeusi yananyonya unyevu, na Tanga au Unguja kasiba iliyolala usiku mmoja bila kuoshwa huamka na madoa.

Moshi wake ni sehemu ya tathmini, kwa sababu ndio uliowaletea askari hasara. Mwaka 1914 kampuni (kombania) nyingi kati ya 14 za kamanda wa Schutztruppe, Paul von Lettow-Vorbeck, zilikuwa bado na 71, na kila mlio ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipolala. Baada ya Tanga, Wajerumani walihesabu ngawira ya bunduki za kisasa 455, bombom (bunduki za rashasha) 16 na risasi 600,000, na kampuni zilizobahatika zikaachana na moshi. Kwa mpiga picha za filamu, moshi huu ni zawadi: wingu jeupe zito linaloning'inia mbele ya mstari. Usiutengeneze kwa kompyuta kama fundi wa silaha mwenye leseni anaweza kukutengenezea kwa risasi za mlipuko mtupu. Ila mpangie mwelekeo wa upepo. Mstari wa watu ishirini ukipiga mara tatu, kamera haioni tena nyuso.

Wengi huuliza kama wangenunua Martini-Henry ya Waingereza badala yake, kwa kuwa shehena kubwa ilitoka ghala la kifalme la Nepal mwaka 2003 na bado inauzwa. Ni bunduki nzuri, na mkononi ni ya haraka zaidi: wenzo chini ukishushwa, ganda linaruka lenyewe. Kichwa cha risasi yake kina gramu 31. Lakini risasi zake za awali zilikuwa na ganda la bati la shaba lililoviringishwa, ambalo kasiba ikipata moto lilikwama na kuchanika. Ganda zima la Mauser halikuwa na ugonjwa huo. Kwa hadithi za upande wa Waingereza, Martini ndiyo yenyewe. Kwa Wissmann, ni kosa.

Tuje kwenye nguo, ambako pesa nyingi hupotea.

Sare za "askari" zinazouzwa tayari kwa kawaida huwa na makosa matatu. Kitambaa kina poliesta, kwa hiyo kinang'aa chini ya taa na hakikunjamani kama pamba. Rangi ni kijani cha jeshi la leo badala ya kaki ya mchanga. Na suruali ni kaptula. Hili la tatu ndilo baya. Kaptula ni ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa 1902, pamoja na jezi yake ya bluu. Askari wa Mjerumani alivaa suruali ndefu ya kaki, na kuanzia kifundo hadi chini ya goti akazungusha kitambaa. Kosa hili lina asili yake: mafundi wengi huangalia Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Sanamu hiyo ilizinduliwa na Waingereza mwaka 1927, na ni askari wao. Mahali hapo zamani palisimama sanamu ya Wissmann, iliyokuwa na askari wa Kijerumani chini yake. Hiyo Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968.

Vielelezo bora vya fundi ni picha za Walther Dobbertin zilizohifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani, zinazotazamika bure mtandaoni. Zimepigwa kwa ukaribu wa kutosha kuhesabu vifungo. Tahadhari moja: ni za miaka ya mwisho ya koloni na za vita. Ukizitumia kumvisha Msudani wa 1889 umemvisha mjukuu wake. Kwa miaka ya Wissmann, Wasudani walionekana na kilemba kilichozungushwa kwenye tarbushi. Tarbushi ya kaki yenye nembo ya chuma ya ndege tai mbele ni ya Schutztruppe iliyokwisha kupangwa.

Mpe fundi kitambaa cha drili cha pamba tupu, kizito kiasi cha gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Kwa koti na suruali ya mtu wa kawaida, kata mita tatu na nusu za upana wa sentimita 150. Nusu mita ya ziada ni ya tarbushi na viraka. Fua kitambaa mara mbili kabla ya kukata, kwa maji ya moto, kwa sababu drili ya pamba hurudi. Koti ni la kukaa wima, bila mkato wa kiunoni, na vifungo vya chuma vinavyotolewa ili liweze kufuliwa. Usikubali vifungo vya plastiki vilivyopakwa rangi: kamera ya leo inaviona.

Tarbushi ndiyo inayopima ustadi. Zinazouzwa ni kofia nyekundu za sufi zilizofunikwa kaki. Zikilowa jasho zinalegea na kuinama upande. Ya askari ilikuwa na kiunzi kigumu cha kusuka, kikafunikwa kitambaa cha kaki, na pazia la kufunika shingo. Msusi wa ukindu au mianzi myembamba anaweza kukusukia kiunzi kwa siku moja. Mwambie kiwe chembamba juu kuliko chini, na kiache nafasi ya kidole kimoja kichwani kwa ajili ya mkanda wa ngozi wa ndani. Funika kwa vipande viwili: duara la juu na ukanda wa ubavuni, mshono ukae nyuma chini ya pazia. Pazia lifungwe kwa vishikizo ili liweze kuondolewa.

Vitambaa vya miguuni hukatwa kwa upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 2.7 kila kimoja, pamba au sufi nyembamba ya bluu iliyoiva. Anza kifundoni, panda juu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, malizia chini ya goti kwa utepe. Vikiteleza, tatizo si urefu: mvaaji ameanza kuzungusha goti likiwa limenyooka. Akunje goti kidogo, atazungusha kwa mkazo sahihi. Vikikazwa kupita kiasi, baada ya saa moja nyayo zinakufa ganzi na mwigizaji anachechemea bila kuambiwa.

Vyeo huonyeshwa kwa V nyekundu mkononi, zikiongezeka kutoka ombasha kwenda shaushi, betshaushi na soli. Efendi ana nyota. Usimpe kila mtu V kwa kuwa zinapendeza. Kampuni nzima ina maombasha wachache, na efendi alikuwa mtu adimu.

Beti sasa. Wauzaji huweka kwenye seti beti za muundo wa 1909, zenye vyumba vitatu kila upande. Hizo zilitengenezwa kwa risasi za Mauser 98 zilizopangwa tano tano kwenye klipu. Mauser 71 haijui klipu. Risasi zake ni nene na huchukuliwa moja moja, kwa hiyo zinahitaji beti pana yenye mdomo mkubwa unaofunguka kwa mkono wenye jasho. Mpe fundi ngozi ya ng'ombe ya kahawia iliyotengenezwa kwa magome, unene wa milimita 3 kwa mkanda na 2 kwa beti. Mtengenezee risasi bandia za mbao zenye urefu wa milimita 78 ili apime kina. Kisha jaza beti kwa uzito halisi kabla ya kuzikubali: kwa kilo nne za risasi, mshono wa mashine wa uzi mmoja huachia pale kitanzi kinaposhika mkanda. Mshono wa uzi wa kitani uliotiwa nta, sindano mbili, ndio unaodumu.

Mwisho ni karatasi. Marekani bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 huhesabiwa ya kale kwa sheria ya shirikisho, na Uingereza risasi ya milimita 11 ya Mauser imo kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati, mradi bunduki iwe ya pambo na usiwe na risasi zake. Majimbo na miji huweka masharti yake juu ya hayo. Aliye Tanzania au Kenya aanze na ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni za silaha, kabla ya kumtumia muuzaji hata senti, na apate jibu la maandishi. Forodha haisomi "ya kale" kwenye ankara, inasoma "bunduki". Kama jibu ni hapana, chonga ya mbao na chuma kwa vipimo vya milimita 1,240, na weka bidii yako kwenye tarbushi.